Mkate wa mahindi wa pakiti si lazima uwe wa mahindi matupu

Wengi hapa Kigoma huamini kwamba mkate wa mahindi wa pakiti, kwa kuwa ni wa njano, hauna ngano na unamfaa mwenye kisukari. Imani hiyo inaeleweka, kwani ugali wetu hauna ngano. Hata hivyo, mahindi hayana gluteni, protini inayofanya donge la unga livutike na kuumuka, ndiyo maana waokaji wengi huchanganya unga wa ngano. Kwenye pakiti, viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa zaidi. Ngano ikitangulia, ndiyo nyingi, na sukari ikishika nafasi ya tatu si ya kupuuzwa. Wanga wa mahindi wenyewe hupandisha sukari ya damu. Angalia pia kama takwimu za lishe kwenye pakiti ni za gramu 100 au za kipande kimoja, kwa kuwa kipande cha gramu 30 kitaonyesha chini ya theluthi moja ya kiasi cha gramu 100.