Kufuli si hati ya uaminifu

Tumezoea kuambiwa: ukiona alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, lipa bila wasiwasi. Ushauri huo unaponza watu. Kufuli linaeleza jambo moja tu, kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamesimbwa, hivyo aliyejipenyeza kwenye waifai ya mgahawani hawezi kusoma nywila yako. Nani yuko upande wa pili, halisemi.

Tapeli naye ana kufuli. Tangu huduma ya Let's Encrypt ianze mwaka 2015 kutoa bure vyeti vya kidijitali vinavyoipa tovuti kufuli, kupata cheti ni kazi ya dakika chache. Unachothibitisha ni kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako, basi. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome, kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Kwa hiyo soma jina lenyewe, hasa mwisho wake kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Kwenye benkiyangu.co.tz.jinajingine.com/ingia, mwenye tovuti ni jinajingine.com, hiyo benki iliyotangulia ni pambo tu.

Wewe mwenye duka, kufuli liweke hata hivyo. Bila hilo, vivinjari humwonya mteja kwamba tovuti yako si salama.