Videnenda na jamaa zao wa visiwani: nani ni nani, na nani anaishi wapi

Katika nyanda za chini za kisiwa cha Sokotra, nchini Yemen, pale nyasi zinapokutana na vichaka vifupi vilivyolazwa na upepo wa kusi, anaishi ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye michirizi mgongoni. Toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia ana sentimita 10 hivi. Asiyemjua humpita akidhani ni kinda la shomoro. Kumbe ndege huyu hapatikani kwingine popote duniani. Kitaalamu anaitwa Cisticola haesitatus, na kwa Kiswahili ni mmoja wa videnenda, kundi la ndege wanaoishi kwa kujificha nyasini na kuokota wadudu.

Sisi tunaotunza vielelezo vya ndege katika makumbusho huulizwa mara kwa mara: kuna haja gani ya wataalamu kubishana miaka nenda rudi kama ndege wa namna hii ni spishi kamili au ni nususpishi tu? Haja ipo, tena kubwa. Sheria za uhifadhi, orodha za viumbe walio hatarini na fedha za kuwalinda, vyote hufuata jina. Ndege wa Sokotra akihesabiwa kuwa tawi dogo la spishi iliyoenea mabara manne, nyasi zake zikilimwa au kujengwa hakuna atakayeshtuka. Akitambuliwa kuwa ni wa pekee, kila eneo la nyasi alipo lina uzito wake.

Kwa muda mrefu uainishaji wa ndege hawa ulikuwa kama kapu moja linalotiwa kila kitu. Ndege yeyote mdogo, mwembamba wa mdomo, mla wadudu, asiye na rangi ya kuvutia, aliwekwa katika familia iliyoitwa Sylviidae. Humo walikaa pamoja ndege wa matete, wa nyasi, wa vichaka na wa misitu, wa Ulaya, Afrika na Asia. Utafiti wa DNA ndio uliolimwaga kapu hilo. Mwaka 2006 mtaalamu wa ndege Per Alström na wenzake walichapisha uchambuzi wa nasaba za kundi hili lote, na baada ya hapo familia kadhaa zikasimama zenyewe: Acrocephalidae ya ndege wa matete na jamaa zao, Locustellidae ya ndege wa nyasi nene na vinamasi, na nyinginezo. Cisticolidae, familia ya videnenda, iliyokuwa imeshaanza kutengwa na baadhi ya wataalamu, ikathibitika kuwa na ukoo wake. Leo ina zaidi ya spishi 150, na jenasi ya Cisticola (jenasi ni kundi la spishi za karibu ndani ya familia) peke yake ina takriban 50, walio wengi wakiwa wa Afrika.

Lakini hata kabla ya DNA kulikuwa na mtu aliyewatazama videnenda kwa makini ya ajabu. Hubert Lynes, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyestaafu kwa cheo cha admirali, alizunguka sehemu nyingi za Afrika akiwafuata ndege hawa, na mwaka 1930 akatoa mapitio ya jenasi nzima. Alichokielewa ni kwamba ngozi iliyokaushwa na kulazwa katika droo ya makumbusho haitoshi. Kidenenda ni lazima umsikie anavyoimba, umwone anavyoruka, na ukitazame kiota chake. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ukifungua droo ya videnenda leo utaona mwenyewe shida aliyokabiliana nayo. Manyoya yakiwa mapya, kingo zake ni za rangi ya mchanga na ndege huonekana amepauka. Miezi ikipita, kingo hizo hulika kwa kusuguana na majani ya nyasi, mgongo ukawa mweusi zaidi. Ndege yuleyule, akichukuliwa katika majira mawili tofauti, anaweza kukushawishi kuwa ni spishi mbili. Na kinyume chake pia hutokea: ndege wawili wanaofanana kama mapacha hutofautiana kabisa pindi wanapofungua mdomo.

Ili kuwaelewa wa visiwani, inafaa kuanza na jamaa yao aliyeenea kuliko wote, Cisticola juncidis. Huyu yupo kusini mwa Ulaya, Afrika, Asia ya kusini na mashariki, hadi kaskazini mwa Australia, na ameingia visiwa vingi mno: Sisili, Saiprasi, Sri Lanka, Japani, Ufilipino. Mwanasayansi Rafinesque alimpa jina mwaka 1810 kutokana na ndege wa Sisili. Dume hupanda angani akirukaruka kwa mawimbi, na kila wimbi hutoa mlio mmoja mkali, kama anayehesabu. Mkia wake mfupi una ncha nyeupe, na kabla ya ncha hizo pana mabaka meusi, ambayo huonekana vizuri anapoutandaza wakati wa kutua.

Kiota chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Dume hachumi majani makavu na kuyarundika. Huyafuata majani mabichi ya nyasi yakiwa bado yamesimama kwenye shina, akayavuta pamoja na kuyafunga kwa utando wa buibui mpaka yafanye umbo la chupa, mlango ukiwa juu. Jike akikubali, huingia na kutandika ndani kwa vitu laini. Kwa kuwa kuta za nyumba hiyo ni majani yaliyo hai, kiota hubaki kijani kama nyasi zinazokizunguka, na macho ya adui hupita bila kukiona. Hapo ndipo unapofahamu kwa nini kwa ndege huyu neno makazi lina maana finyu sana. Nyasi fupi mno hazina majani ya kufunga. Zikichomwa moto au kulishwa mifugo hadi kwenye mizizi, hata kama mvua itanyesha wiki ijayo, kizazi cha msimu huo kimekwisha kupotea.

Maisha ya nyasi pia hueleza jinsi jamii hii ilivyofika visiwani. Nyasi hufuata mvua, hukauka na kuchipua kwingine, na ndege anayezitegemea hana budi kuhama pale zinapokwisha. Katika karne nyingi za kuhamahama, wachache hupeperushwa baharini, na wachache zaidi hutua mahali penye nyasi. Wakikaa huko bila kuchanganyika tena na wa bara, sauti, rangi na maumbile yao huanza kwenda njia yake.

Turudi Sokotra, kwa kuwa kisiwa hicho kina somo zuri. Mwaka 1880 msafara wa mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour ulikusanya viumbe wa huko, na mwaka 1881 wataalamu wa ndege Sclater na Hartlaub wakaeleza ndege wapya kutokana na makusanyo hayo. Wawili kati yao waliwahi kukaa pamoja katika jenasi ya Cisticola. Mmoja ni huyu kidenenda wa nyasi niliyeanza naye, ambaye watafiti wamekuwa wakimweka karibu na C. juncidis. Wa pili ni ndege wa rangi ya kijivu na hudhurungi, asiye na michirizi mgongoni, anayeonekana karibu kila penye kichaka kisiwani. Lynes alipomchunguza aliona hawezi kubaki na videnenda, akamtengea jenasi yake mwenyewe, Incana, na hadi leo ndimo alimo, akiwa spishi pekee ya jenasi hiyo. Yupo bado katika familia ya Cisticolidae, lakini si kidenenda.

Tofauti ya makazi yao inaendana na tofauti ya nasaba. Incana hutumia vichaka vya kila namna, kwa hiyo ameenea. Kidenenda wa Sokotra yeye huchagua: hupatikana kwa mafungu, hapa yupo na pale hayupo, akifuata nyasi na vichaka vya chini. Sokotra ina mbuzi wengi, na mbuzi akikaa mahali pamoja muda mrefu hali nyasi tu, hula na miche ambayo ingekuwa vichaka vya kesho. Kisiwa hicho cha Yemen kiliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, kwa sababu kubwa ya mimea yake ya ajabu. Wageni hupiga picha miti ya damu ya joka huko milimani. Ningefurahi kama wangetenga saa moja pia kwa ajili ya nyanda zenye nyasi, ambazo wengi huzipita kwa gari.

Madagaska hali ni tofauti. Huko kidenenda ni mmoja tu, Cisticola cherina, na maisha yamemnyookea. Yupo kwenye mbuga, kando ya mashamba ya mpunga, na kwenye maeneo yaliyokuwa misitu kabla ya kukatwa. Ndege wengi wa kisiwa hicho wanaumia msitu unapopungua. Huyu hupata nafasi. Kilicho cha kushangaza ni kwamba amefika pia kwenye visiwa vidogo vya matumbawe kaskazini mwa Madagaska: Cosmoledo na Astove vya Shelisheli, pamoja na visiwa vya Glorieuses. Ni vipande vya ardhi vilivyo peke yake katikati ya bahari, vyenye nyasi za pwani na vichaka vinavyostahimili chumvi, na ndege mdogo kiasi hicho alivuka maji mpaka kuvifikia.

Kuna kundi jingine ambalo watu hulichanganya na videnenda kwa sababu ya rangi na tabia ya kujificha. Ni ndege wa jenasi ya Nesillas, wenye mkia mrefu na mdomo mrefu kidogo, ambao DNA imewaweka kwenye familia ya Acrocephalidae pamoja na ndege wa matete. Hawa ni wa Madagaska, Komoro na, zamani, Aldabra ya Shelisheli. Ngazija ina wake, N. brevicaudata, anayepanda hadi kwenye vichaka vya juu vya mlima Karthala. Mwali, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 300, kina wawili: N. mariae anapendelea msitu wa milimani, na N. typica, jamaa wa wale wa Madagaska, hukaa zaidi vichakani. Huyo wa msituni alielezwa na mtaalamu wa ndege C. W. Benson mwaka 1960, baada ya msafara wa kitafiti visiwani Komoro mwaka 1958. Ndege wawili wa jenasi moja kwenye kisiwa kidogo kiasi hicho ni ishara kwamba mababu zao hawakuja kwa safari moja, na kwamba kila mmoja amejipatia makazi yake. Ukiufyeka msitu wa Mwali kwa kudhani kwamba ndege wake watahamia vichakani, utakuwa umewachanganya wawili hawa.

Habari ya Aldabra ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kisiwa hicho cha matumbawe kiliwahi kufunikwa kabisa na bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kwa hiyo ndege wake wote wa nchi kavu ni wazao wa waliofika baada ya hapo. Mwaka 1967, serikali ya Uingereza ikiwa na mpango wa kujenga uwanja wa ndege za kijeshi, wanasayansi walikwenda kuchunguza nini kingepotea. Mwaka huohuo mpango ukaachwa, na mwaka huohuo wakamgundua ndege wa Nesillas ambaye hakuwa ameandikwa kabla. Benson na Malcolm Penny walimpa jina la N. aldabrana mwaka 1968. Alionekana kwenye ukanda mwembamba tu wa vichaka vizito vya pwani kwenye Malabar, kimojawapo cha visiwa vinavyounda Aldabra, eneo la hekta 10 hivi. Aldabra nzima ni kubwa zaidi ya mara elfu moja kuliko ukanda huo, lakini yeye alikuwa hapo tu. Ni ndege wachache sana waliopata kuonekana. Wa mwisho alionekana mwaka 1983, na msako wa mwaka 1986 haukupata hata mmoja. Panya walioletwa na vyombo vya baharini wanashukiwa kwa kula mayai na makinda, na mbuzi kwa kuharibu vichaka. Mbuzi wa Aldabra walimalizwa mwaka 2012.

Kwamba upotevu kama huo unaweza kuzuiliwa, tunalo thibitisho katika visiwa vya ndani vya Shelisheli. Acrocephalus sechellensis, wa familia moja na Nesillas, mwaka 1968 alikuwa amebaki kwenye kisiwa cha Cousin tu, wakiwa hawafiki 30. Kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya uhifadhi, minazi iliyokuwa imekitawala ikapunguzwa, na miti ya asili ikaachwa irudi pamoja na wadudu wake. Ndege walipoongezeka, baadhi walipelekwa Aride mwaka 1988, Cousine mwaka 1990, Denis mwaka 2004 na Frégate mwaka 2011. Leo wapo maelfu. Visiwa walivyopelekewa havikuwa na panya, na hilo ndilo sharti lisilolegezwa: mashua inayokwenda kwenye kisiwa cha aina hii hukaguliwa mizigo yake, magunia na masanduku yote, kabla haijaondoka na inapofika.

Msomaji anayeishi au kusafiri visiwani anaweza kusaidia kazi hii kwa simu yake. Kwa videnenda, sauti ina thamani kuliko picha ya mbali. Rekodi mlio kwa dakika moja au mbili bila kuongea, kisha taja tarehe, saa, mahali hasa, na ikiwezekana mwinuko. Eleza nyasi: zinafika kifundo cha mguu, goti au kiuno? Ni mbichi au kavu? Zimechomwa au kulishwa karibuni? Ndege alikuwa akiimba angani au kwenye kijiti? Ukiona kiota, usisogeze majani ili upate picha nzuri, kwa kuwa majani hayo ndiyo ukuta wenyewe, na yakishaachana jike huenda asirudi. Rekodi ya namna hiyo ukiipeleka makumbusho au kwa chama cha ndege kilicho karibu nawe, tutaweza kuilinganisha na vielelezo vya droo, vingine vikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia, ambavyo mtu aliyevikusanya hakuwa na njia ya kutuletea sauti zao.