"Sikuua mimi": dhana potofu kuhusu wanyama wanaolindwa na sheria

Dhana: Kasa aliyekufa mwenyewe wavuni ni kitoweo halali.

Mvuvi wa Bamburi kavuta nyavu alfajiri, ndani kasa kanasa, keshakufa kwa kukosa pumzi. Hakumtega. "Riziki hiyo," wenzake wamwambia, na visu vinatolewa. Ukweli ni kwamba Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haiishii kwa aliyeua. Inauliza pia umekutwa na nini. Jino, mfupa, gamba, ngozi, hata yai huhesabiwa kuwa nyara, na kukaa na nyara bila kibali ni kosa linalojitegemea. Kasa wote wa baharini wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Akiwa hai, kata wavu aende zake, nyuzi zitashonwa. Akiwa mfu, waite KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya kisu.

Dhana: Cha urithi hakina kesi.

Ziko kabati Mji wa Kale, Mombasa, zenye bangili ya pembe ya ndovu au kitana cha gamba la ng'amba (aina ya kasa), mali ya bibi. Uzee wa kitu si kibali. Sheria inataka hati ya umiliki. Sidhani kama kuna askari anayezunguka akipekua masanduku ya mabibi, lakini siku mjukuu atakapoipiga picha bangili na kuitangaza kwenye simu kwamba inauzwa, kesi kajitafutia mwenyewe.

Dhana: Sheria hii ni ya ndovu na faru tu.

Hapana. Nguva yumo, kakakuona yumo.

Dhana: Ukishtakiwa kwa pembe za ndovu, umekwisha.

Juni 2014 zilikamatwa zaidi ya tani 2 za pembe kwenye yadi ya magari, Tudor. Mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ikamhukumu mfanyabiashara mmoja, kwa pembe hizo, kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Agosti 2018 Mahakama Kuu, papa hapa Mombasa, ikamwachia huru kwa sababu ushahidi ulikuwa na mapengo. Ukali wa adhabu haujazi mapengo hayo. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe nani alizikuta pembe, nani alizibeba, zilikuwa mikononi mwa nani, na mshtakiwa anaingiaje.