Dundu wa mavi hatoboi minazi

Ujumbe unaorudi kila msimu wa mvua katika makundi ya simu husema kwamba dundu anayeviringisha mavi ndiye anayeua minazi, hivyo anyunyiziwe dawa popote aonekanapo. Sivyo. Anayetoboa kilele cha mnazi ni mbawakawa mwingine mwenye pembe, ambaye buu lake hukua ndani ya magogo ya minazi yaliyooza. Kuwachanganya si ajabu, kwani wengi wao ni weusi, wengi huruka usiku kuelekea taa, na baadhi ya dundu wa mavi wana pembe pia.

Katika misitu ya pwani, kama ule wa Shimba Hills wenye tembo, dundu hawa hufukia kinyesi pamoja na mbegu zilizomo, wakizificha zisiliwe na panya, ingawa zinazofukiwa kwa kina kirefu mno hazioti. Udongo hupata rutuba, nao nzi hukosa pa kuzalia.

Anayetaka kuhakiki na achimbue kwa kijiti chini ya kinyesi cha ng'ombe cha jana: ataona vishimo vyenye mavi yaliyoshindiliwa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.