Kuzimua rangi ya mafuta si kuikausha

Wanaotengeneza modeli za ndege na vifaru huniuliza sana: nimeizimua rangi ya mafuta kwa tapentaini nyingi, mbona siku ya tatu bado inanata? Inanata kwa sababu kilichoondoka ni tapentaini tu, tena iliondoka mapema. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hayaruki hewani. Yanafyonza oksijeni na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Safu nyembamba hukauka upesi kuliko nene, ndiyo, lakini mafuta yakiwa mengi utasubiri tu.

Kwa hiyo mimi huyapunguza mafuta kwanza. Nakamua rangi kidogo, kama punje ya dengu, juu ya kipande cha boksi kisichong'aa, naiacha saa mbili tatu. Duara la mafuta hujitokeza na kutanuka kwenye karatasi, huku rangi ikibaki nzito, imefifia mng'ao. Hiyo ndiyo ninayoizimua. Usiyanyonye mafuta yote, maana ndiyo yanayoishika rangi; yakiisha, inafutika kwa kidole.

Rangi nazo hazilingani. Kahawia ya amba ina manganizi, ambayo huharakisha ukaukaji, na mara nyingi kesho yake inagusika. Nyeusi ya mifupa na nyekundu ya kadimiamu huweza kuchukua wiki au zaidi. Ndiyo maana kwenye mistari ya paneli, ile mifereji myembamba inayoonyesha maungio ya mabati, napendelea kahawia iliyokoza kuliko nyeusi, na kwa macho yangu hata kivuli chake ni cha kweli zaidi.

Kujaza mistari hiyo, sehemu moja ya rangi kwa kama kumi za tapentaini ya madini isiyo na harufu inatosha. Tapentaini ya msonobari ni kali, inaweza kulainisha rangi ya enameli iliyo chini. Tanguliza vanishi ya akriliki inayong'aa, uipe siku nzima ikauke. Gusisha ncha ya brashi kwenye mfereji, uone rangi ikikimbia yenyewe hadi kwenye kona. Baada ya nusu saa hivi, futa ziada kwa brashi karibu kavu, ukifuata upepo unavyopita juu ya bawa. Usiache kimiminika kituame kwenye ekseli za plastiki isiyopakwa rangi zilizobanwa; hapo ndipo hupasuka.

Kabla ya vanishi ya mwisho, paka rangi ileile kwenye kipande cha plastiki cha kutupa, uguse hicho badala ya modeli. Kikinata, subiri.