Je, Wajua Kwa Nini Maharaja wa India Walikubali Kuzifuta Tawala Zao?

Wengi hudhani kwamba India ilipopata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, watawala wa kifalme zaidi ya 550, yaani maharaja na wenzao waliotawala maeneo yao chini ya Waingereza, walipokonywa nchi zao kwa mtutu wa bunduki. Dhana hiyo imetokana na utawala wa Hyderabad, ambako jeshi la India liliingia Septemba 1948, na kwa kiasi fulani na tawala za Junagadh na Kashmir. Lakini hivyo vilikuwa visa vya pekee, na anayeanzia hapo hawezi kueleza mamia ya watawala waliotia saini bila risasi kufyatuliwa.

Walitia saini hati mbili kwa nyakati tofauti, na ya kwanza ndiyo iliyobeba werevu wote. Hati ya kujiunga, iliyosimamiwa na waziri wa India Vallabhbhai Patel na katibu wake V. P. Menon, ilidai mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mikononi mwa Waingereza tangu zamani. Maharaja alikuwa kama mwenye nyumba anayeombwa amwachie mlinzi mpya ufunguo wa geti ambao siku zote ulikaa mfukoni mwa mlinzi wa zamani: vyumba ni vyake, kodi ni yake, ila akikataa, mlinzi wa zamani anaondoka na geti halina mtu. Aliyekataa, kwa kawaida, alinyimwa pia mkataba wa kuendeleza taratibu za reli, posta na forodha, ingawa Hyderabad iliupata bila kujiunga.

Hanwant Singh, maharaja wa Jodhpur, alisaini, kisha akamwelekezea Menon bastola iliyofichwa ndani ya kalamu. Msimulizi ni Menon mwenyewe, kwa hiyo hadithi hiyo tuipokee kwa tahadhari kidogo.

Hati ya pili, ya kuunganisha tawala, iliyoanza kusainiwa katika mji wa Cuttack Desemba 1947, ndiyo iliyofuta mipaka. Peninsula ya Kathiawar, magharibi mwa India, pekee ilikuwa na tawala zaidi ya 200, nyingine zikiwa kijiji kimoja kisichoweza kugharimia mahakama. Februari 1948 ziliunganishwa kuwa Saurashtra. Jirani yake Kutch, asili ya familia nyingi za wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa, ikawa chini ya serikali kuu Juni mwaka huo. Watawala walibakiziwa vyeo, majumba na posho ya kila mwaka isiyotozwa kodi, iliyolindwa na katiba yenyewe, hadi serikali ya Indira Gandhi ilipoirekebisha katiba hiyo mwaka 1971 na kuifuta posho.