Ukitaka kupungua uzito, uache ugali?

Hivi karibuni alikuja kliniki mama mmoja anayeuza dagaa mwalo wa Kibirizi. Aliketi, akaweka mkoba mapajani na kuanza kabla sijamuuliza: "Dokta, nimeacha ugali wiki ya tatu hii. Wiki ya kwanza nilitoka kilo tatu, nikafurahi. Sasa mzani umegoma. Nikate nini tena?"

Nilimuuliza anakula nini badala ya ugali. Mayai, migebuka (samaki wa ziwa letu) ya kukaanga, kisamvu cha mawese. Na chai? "Chai nakunywa, ila chai si ugali." Sukari vijiko vingapi kwa kikombe? Akanyanyua vidole vitatu. Vikombe vingapi kwa siku? Vidole vitatu tena.

Mimi ni afisa lishe, na swali la mama huyu naulizwa Kigoma nzima, kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga, na wanaume pia siku hizi wanauliza. Jibu langu ni hili: kupunguza wanga, yaani vyakula kama ugali, wali, mkate na sukari, kunasaidia, na wengi wetu tunapaswa kupunguza, kwa sababu sahani zetu zimejaa ugali kupita kazi tunayofanya. Lakini kuacha wanga kabisa si sharti la kupungua. Na ukiamua kupunguza, ugali usiwe wa kwanza kukamatwa.

Kwanza zile kilo tatu. Mwili una ghala dogo la wanga ndani ya ini na misuli. Wataalamu wanaliita glaikojeni, na kwa mtu mzima aliyeshiba linafika karibu nusu kilo. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha ugali, wali, viazi na mkate kwa siku chache, mwili unafungua ghala, unatumia kilichomo, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Figo nazo hutoa chumvi na maji zaidi ya kawaida. Hapo mzani unashuka kilo mbili au tatu kwa wiki moja, na sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mafuta ya tumboni bado yapo, yamepungua kidogo tu. Siku ukirudia ugali, ghala linajaa, maji yanarudi, na mtu anasema: umeona, ugali umeninenepesha kwa siku mbili. Haujamnenepesha. Umerudisha maji.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1863 msimamizi wa mazishi wa London, William Banting, alichapisha barua akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Tangu hapo dayati ya kukata wanga imekuwa ikifa na kufufuka kwa majina mapya. Utafiti wa kuipima kwa haki umekuja baadaye sana. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima: kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta, na wote waliambiwa wale vyakula halisi, mboga nyingi, sukari kidogo. Waliopunguza wanga walishuka kwa wastani wa kilo 6, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa ushindi. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya tafiti 61 za namna hiyo, zenye washiriki karibu 7,000, ukaona jambo lilelile: kati ya kupunguza wanga na kula mlo wenye wanga wa kawaida, tofauti ya uzito ni ndogo au haipo, kwa miezi michache na hata kwa mwaka mmoja hadi miwili. Ndani ya kila kundi la Stanford, hata hivyo, wapo waliopungua kilo nyingi na wapo walioongezeka. Kilichowatofautisha si jina la dayati.

Sasa turudi mezani, maana hapo ndipo penye kazi.

Baada ya yule mama kuondoka nilifanya jambo ambalo nawashauri wenye mizani ya jikoni wajaribu. Nilipika ugali nyumbani, nikajipakulia kama tunavyopakuliana siku zote, halafu nikaweka sahani kwenye mzani. Ugali peke yake ulikuwa gramu 600. Ugali mgumu ni maji zaidi ya nusu, kwa hiyo ndani ya sahani ile kulikuwa na unga gramu 200 hivi. Gramu 100 za unga, uwe wa mahindi au wa muhogo, hutoa kalori (kipimo cha nguvu ya chakula) 350 hivi. Maana yake sahani yangu ilikuwa na kalori 700 kabla ya kitoweo. Mvuvi aliyevuta nyavu ziwani usiku kucha anazistahili, na mchukuzi wa bandarini pia. Mimi ninayekaa ofisini tangu asubuhi sizistahili, na wala sikuwa na njaa ya kiasi hicho. Nilikuwa nimezoea tu kuona mlima ule.

Nikakata nusu. Gramu 300 zilizobaki ni kalori 350. Anayekula ugali mchana na usiku akifanya hivyo amepunguza kalori 700 kwa siku, na ugali bado anao. Kwa wengi hicho kinatosha kushusha nusu kilo hivi kwa wiki, mwendo ambao mwili unauvumilia.

Halafu nikapima mawese. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Yule mama aliniambia kisamvu chake, cha kula yeye na binti yake, anakitia vijiko sita. Fungu lake ni vijiko vitatu, kalori 360, na hapo sijagusa mafuta yaliyonyonywa na migebuka kwenye kikaango. Ametoa ugali kwa mkono wa kulia, akaurudisha kwa mkono wa kushoto ukiwa umevaa nguo ya mafuta. Gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9. Ndiyo maana mzani wake uligoma. Simwambii mtu wa Kigoma aache mawese. Yale mekundu yasiyosafishwa kiwandani yana viini ambavyo mwili unavigeuza kuwa vitamini A, na kisamvu bila mawese nakijua kilivyo. Ninachosema ni kwamba yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Dagaa nao si lazima waogelee kwenye mafuta. Waliokaushwa juani wakaanikwa vizuri wanapikika kwa nyanya, kitunguu na kijiko kimoja.

Na sukari. Vijiko tisa vya mama yule, vikiwa vya chai na visivyojazwa kichuguu, ni gramu 36. Soda moja ya mililita 350 inabeba kiasi hichohicho. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Sukari haina nyuzinyuzi, haina protini, haimshibishi mtu. Unaweza kunywa soda mbili na ukaitisha sahani kamili dakika kumi baadaye. Kwa hiyo mtu akiniuliza wanga gani uanze kuondoka, namwambia sukari ya chai, soda, juisi za pakiti, kisha mandazi na vitumbua vya asubuhi, ambavyo ni wanga uliokobolewa, sukari na mafuta kwa pamoja. Ugali uje baadaye, na upunguzwe tu.

Wanga si kitu kimoja. Maharage ya Kasulu na Kibondo, ambayo kila mtu anayahesabu kuwa protini, zaidi ya nusu ya uzito wake yakiwa makavu ni wanga. Lakini ni wanga uliokaa na nyuzinyuzi nyingi na protini, unaosagwa polepole tumboni, na mtu aliyekula maharage mchana hatafuti andazi saa kumi. Ukifuata dayati inayokataza wanga wote, utaacha maharage, utaacha viazi vitamu, papai na machungwa, na ndani ya wiki mbili utakuja kwangu kulalamika hupati choo. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu hiyohiyo: pumba na kiini havijatolewa.

Muhogo unahitaji neno lake. Unga wa mahindi una protini gramu 8 hivi kwa kila gramu 100. Wa muhogo una gramu moja au mbili tu. Anayekula ugali wa muhogo anategemea kitoweo kwa kila kitu. Nimewaona watu wanaotaka kupungua wakipunguza ugali na samaki kwa pamoja, wakibaki na kibonge kidogo na mchuzi. Hao wanapungua misuli, wanaishiwa nguvu, wanakuwa na njaa siku nzima. Ukiushusha ugali, acha dagaa wapande. Sisi wa Ziwa Tanganyika tuna bahati: dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ukimla mzima na mifupa yake unapata na madini ya chokaa.

Kwa vitendo naomba hivi. Ugali uwe saizi ya ngumi yako, au ngumi moja na nusu kama kazi yako ni ya jua. Samaki, dagaa, maharage au kuku wajaze robo ya sahani. Nusu nzima iwe mboga: matembele, mchicha, bamia, kisamvu. Pakua mboga kwanza, ugali mwisho, maana ugali ukitangulia hauachi nafasi. Wanaokula sinia moja wana ugumu wao, kwa kuwa hakuna anayejua amekula kiasi gani. Hapo mega fungu lako pembeni mapema, na hakuna mzee atakayeona umedharau chakula. Akina mama nawaomba jambo moja zaidi. Wengi hampakui sahani. Mnaonja jikoni, mnamalizia ya watoto, mnakwangua ukoko, halafu mnaniambia hamli kitu. Kaeni mle, na ninyi mpewe samaki.

Wapo wasiopaswa kukata wanga kwa kusikia kwa jirani. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenklamidi akiacha ugali ghafla bila dawa kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka mpaka akazimia. Aende kliniki kwanza, asipunguze dawa mwenyewe. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze dayati ya namna hii, mtoto na kijana anayekua vivyo hivyo, na mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla hajaonana na daktari.

Yule mama tulikubaliana arudie ugali, ngumi moja mchana na moja usiku. Chai kijiko kimoja, mawese vijiko viwili kwa sufuria ile ya watu wawili, migebuka ichemshwe au ichomwe siku nne kati ya saba. Nilimwonya kwamba siku za mwanzo mzani utapanda kidogo, yale maji yanaporudi, asiogope. Kwa hiyo tumeacha mzani pembeni. Nilichukua uzi wa katani, nikauzungusha tumboni usawa wa kitovu, nikafunga fundo pale ncha zilipokutana, halafu tukaunyoosha kwenye rula: sentimita 97. Kwa wanawake wa huku kwetu hatari ya kisukari na presha huanza kuangaliwa kuanzia 80, kwa wanaume 94. Uzi ameondoka nao mkobani. Atarudi baada ya wiki nane, tutafunga fundo la pili.